Gundi Nusu Kopo

Jumatatu, 7 Julai 1997

Mgongo umegoma. Nimeamka nao hivyo hivyo. Mita kumi na mbili za mtaro kabla ya saa sita, udongo wa changarawe tupu, sululu inarudi juu kama imetukanwa.

Nijieleze, maana daftari ni jipya. Mimi ni Feliksi wa Manyoni, elimu darasa la sita na nusu. Nusu ya pili upepo uliondoka na paa la darasa, nami nikaondoka nyuma yake. Hapa Kigoma ni kibarua. Nachimba mitaro ya mabomba chini ya Mzee Saad, fundi bomba wa Ujiji. Tunapeleka maji kwenye kituo cha wakimbizi, juu kidogo ya ziwa. Kila wiki watu wanashuka na mitumbwi kutoka Kongo na Burundi. Wanachota maji ya kunywa pale pale wanapooga. Watoto wanaharisha.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa balaa. Leo nimeletewa barua na mtu wa treni. Shemeji Leodgar, kaka wa mke wangu Devota, anakuja Jumamosi! Devota alirudi kwao mwaka jana. Alisema atanifuata siku nitakapokuwa na kazi inayoweza kutajwa mbele ya watu. Mwezi wa tatu nikamwandikia kwamba sasa ni fundi mkuu, nina watu wanane chini yangu. Leodgar anakuja kuwaona hao wanane. Akiridhika, Devota anapanda treni. Asiporidhika, nimkabidhi sufuria za dada yake na kitanda, avirudishe Manyoni.

Wanane! Kwani wawili wasingetosha?

Jumanne, 8 Julai

Siku nzima nimemtazama Mzee Saad kutoka mtaroni, nione kama ufundi mkuu unaweza kujifunzwa kwa siku nne. Ukiwa mtaroni huoni mengi. Unaona miguu ya watu na kilicho juu ya meza.

Nilichokiona ni hiki. Mzee anabana bomba la chuma kwenye jiliwa. Anamimina mawese. Anazungusha dai, kile chuma chenye meno, taratibu, na ncha ya bomba inachongeka mistari kama ya skrubu. Mistari hiyo mafundi wanaiita nyuzi, na kazi hiyo ni kukata nyuzi. Mawese tena. Kisha anainama upande wa pili wa meza, huko sioni. Akiinuka anaviringisha katani, anapaka rangi nyekundu, anafunga kwa spana mpaka anatoa sauti. Yeye ndiye anayetoa sauti, si bomba.

Kiungo kimoja, karibu saa nzima. Nimesinzia mara mbili nimesimama.

Halafu kusikiliza. Masikio ya Mzee yalikufa zamani kwa nyundo. Anasikia kwa jino. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye bomba, mpini anauuma kwa gego la mwisho, anafumba macho. Wote kimya, hata kuku. Akisema linanong'ona, yaani maji yanapenya, basi kiungo kinafunguliwa upya. Leo limenong'ona mara tatu.

Mkwewe Swaibu ndiye msaidizi wake. Umri wetu mmoja, ila yeye ameoa binti wa mwenye spana. Ananiita Fuko. Fuko toka shimoni, chai. Fuko umefika Kongo? Watu wanacheka. Mimi nachimba.

Jioni nikapita kwa Gervasi, mwenye duka la vifaa kule Mwanga. Ana mabomba ya plastiki, mepesi kama mabua, na gundi ya kopo. Unapaka, unachomeka, unahesabu hadi ishirini, umemaliza. Hakuna dai, hakuna katani, hakuna jino. Gervasi anasema mji mzima wa Dar es Salaam umeunganishwa kwa gundi hiyo.

Nikarudi mbio kumwambia Mzee. Akaniuliza kama nimelewa. Akasema plastiki ni ya kunywea soda. Swaibu alicheka mpaka spana ikamwangukia kwenye kidole. Hiyo ndiyo furaha yangu ya leo.

Jumatano, 9 Julai

Natafuta watu wanane.

Nimeanza na Swaibu. Nikamwomba Jumamosi, kwa saa mbili tu, ajifanye yuko chini yangu. Akasema sawa, na wewe Fuko utajifanya uko juu ya nini? Akaenda kumhadithia kila mtu, mpaka muuza maandazi.

Nikaenda kwa Rozalia. Huyu ni mama wa kutoka upande wa Uvira, ndiye anayepanga foleni ya akina mama kituoni. Siku ya kwanza aliniuliza nimekimbia vita gani. Nikasema sikukimbia vita, nimefuata kazi. Akanihurumia sana, akaniletea sombe, kisamvu chao cha mawese. Tangu hapo ananiona mkimbizi mwenzake, tena mwenye hali mbaya zaidi.

Nikamweleza yote, bila kuficha. Akacheka akashika mbavu. Akasema wanaume wanane ni kitu kidogo, kituoni wamejaa, wamekaa tu. Watasimama nyuma yangu na wataniita Fundi Mkuu. Lakini naye akaweka sharti lake. Maji yatoke Jumamosi. Akasema, wewe Feliksi, siye tumevuka ziwa zima la maji, na mutoto wangu analala na kiu. Alikuwa hacheki tena.

Nikasema Jumamosi yatatoka. Sijui nani aliyesema. Mdomo ulikuwa wangu.

Kilichobaki ni hatua arobaini, kutoka tangi hadi penye koki sita. Kwa chuma na katani na jino, Mzee amesema Alhamisi ya wiki ijayo.

Mchana shavu la Mzee limevimba. Ni gego. Lile lile!

Alhamisi, 10 Julai

Mungu ni mwema kwa fuko pia. Shavu la Mzee Saad limekuwa kama papai. Swaibu amempeleka hospitali tangu asubuhi na watalala Ujiji mpaka Jumamosi. Mzee aliacha agizo moja, kwa mdomo wa upande mmoja: mtaro uchimbwe wote, kiunoni, na mtu asiguse kitu kingine.

Saa nne amepita bwana mradi, yule anayesimamia kituo. Akauliza fundi yuko wapi, kuna mitumbwi mingine inakuja mwisho wa wiki. Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Nikasema ndiye mimi.

Akauliza Jumamosi inawezekana? Nikasema saa moja asubuhi. Akafurahi, akaniandikia karatasi ya kuchukulia mabomba kwa Gervasi. Ameandika kabisa, kwa kalamu: Fundi Feliksi. Nimeisoma mara tisa. Nimeihifadhi kwenye kofia.

Gervasi amenipa mabomba ya plastiki na gundi kopo zima. Nikamuuliza kuna la kuzingatia? Akasema usilambe.

Ijumaa, 11 Julai

Siku kubwa! Bomba lote limelazwa. Hatua arobaini kwa siku moja, na saa nane nilikuwa nimekaa kivulini nakula mgebuka wa kukaanga kama mtu mwenye pensheni.

Mtaro sikuchimba. Nilifikiri sana nikaona haifai. Shemeji atakuja kuona fundi mkuu, na fundi mkuu hachimbi. Tena bomba likifukiwa atalionaje? Nimelilaza juu ya ardhi, jeusi, linang'aa, limenyooka toka tangini mpaka kwenye koki.

Shida ilikuwa moja. Viungo vilikuwa vinabana, bomba haliingii. Nikakumbuka Mzee Saad na chupa yake. Nikapaka mawese kila ncha, ya kutosha, halafu gundi juu yake. Zikaingia zenyewe! Nilijisikia nimerithi ufundi wa mababu na wa kisasa kwa pamoja. Mzee hana gundi, Gervasi hana mawese. Mimi ninavyo vyote.

Wanane wa Rozalia walikuja kufanya mazoezi. Mmoja kinyozi, mmoja mwalimu wa kwaya, wengine wavuvi. Mwalimu wa kwaya amewafundisha kusema Shikamoo Fundi Mkuu kwa sauti tatu. Inapendeza sana. Kulikuwa na mmoja tu msumbufu, mzee mfupi, anasema alikuwa fundi bomba kwenye kiwanda cha sukari kwao. Akainama, akanusa kiungo, akauliza mbona sijafuta mafuta. Nikamwambia hapa mwenye cheo ni mmoja. Akasema, ndiyo, Fundi Mkuu. Alisema vizuri, nikamsamehe.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika kwa mkono wa rangi ya chungwa. Nianzie mwanzo.

Saa kumi na mbili na nusu. Baridi ya kiangazi, ukungu juu ya ziwa, nikafungua valvu ya tangi. Maji yakaenda. Hatua arobaini, hakuna tone! Koki zote sita zikatoa. Akina mama wakapiga vigelegele, watoto wa Kirundi wakakimbia wakipiga kelele, amazi, amazi! Rozalia alijaza ndoo, akanywa palepale, akanimwagia kidogo kichwani kwa furaha. Nilikuwa na furaha ambayo hata sasa hivi, baada ya yote, siwezi kuikana.

Saa tatu treni. Shemeji Leodgar akashuka, suti ya kijivu, shati jeupe la harusi yake, uso wa mtu aliyetumwa. Yeye ni mtu wa reli, ananyoosha mataruma huko kwetu. Nikampa shikamoo, akaipokea, akauliza wanane wako wapi.

Wakaja! Shikamoo Fundi Mkuu, sauti tatu. Leodgar alishtuka, akavua kofia. Bwana mradi akapita akanipa mkono. Rozalia akamwambia shemeji kwamba kwao Uvira fundi kama mimi angepewa nyumba ya matofali. Nikamwona shemeji analegea. Akasema Devota atafurahi. Alisema hivyo, nimesikia kwa masikio yangu mawili!

Saa tano wakafika Mzee Saad na Swaibu. Mzee ana pamba mdomoni. Gego limeng'olewa. Akalitazama lile bomba jeusi juu ya ardhi kama mtu aliyekuta nyoka kitandani. Hakunigombeza mbele ya mgeni, Mungu amlipe. Akachomoa bisibisi, akainama, akauma. Akahamisha upande wa pili. Akauma tena. Hasikii kitu. Alisimama pale na bisibisi mdomoni, macho yamemjaa maji. Akasema labda ni kweli zama zake zimekwisha.

Nilitaka kufurahi. Furaha ilikataa kupanda.

Saa sita jua likawa juu kabisa. Bomba jeusi lilikuwa halishikiki. Rozalia ndiye aliyeanza. Alikuja na ndoo, uso wa maji una duara za njano zinazunguka. Akaniuliza, Fundi, unatuletea maji ao muchuzi? Mama mmoja nyuma yake akasema asilalamike, mboga ya leo tayari ina mafuta.

Kumbe mawese yalikuwa yameganda kwa baridi. Yalishika viungo usiku na asubuhi kama nta. Gundi haikuwahi kugusa kitu. Na sasa jua linayayeyusha.

Kiungo cha kwanza kikasema pa! Cha pili, pa! Viliachana kimoja baada ya kingine kutoka kwenye koki kwenda tangini, kama vina miadi. Nikapiga kelele shemeji sogea. Shemeji alikuwa ameketi juu ya jiwe, karibu na kiungo cha mwisho, anakula muwa. Kikamjia kifuani.

Shati la harusi! Mawese hayatoki kwenye nguo nyeupe, Kigoma nzima inajua.

Wanane walikimbia. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyetangulia. Aliyebaki ni yule mzee mfupi wa kiwanda cha sukari, na ndiye aliyefunga valvu ya tangi. Swaibu alikaa chini kabisa, anapiga ardhi kwa kiganja, hawezi kuongea, ananyooshea kidole suti ya shemeji, halafu mimi, halafu suti.

Rozalia hakucheka. Alichukua ndoo yake akashuka ziwani.

Jumapili, 13 Julai

Nimesema yote. Mbele ya Mzee Saad, Swaibu, shemeji na Rozalia. Kwamba si fundi, si mkuu, sina hata mmoja chini yangu, mimi ndiye niko chini, tena mtaroni.

Shemeji alisikiliza akiwa amevaa fulana ya Swaibu yenye picha ya sabuni. Akauliza vyombo vya dada yake viko wapi. Nikamwonyesha. Akaanza kuhesabu sufuria.

Mzee Saad akaniuliza swali moja tu. Wazo la mawese nililipata wapi? Nikasema si kwako, Mzee? Akaniita mezani, mara ya kwanza tangu nije. Akakata uzi mmoja kwa mawese. Kisha akainama upande ule nisiouona nikiwa mtaroni. Kuna bati la majivu! Anasugua uzi kwa majivu na kitambaa mpaka chuma kinakauka kama mfupa, ndipo anaweka katani. Mawese ni ya dai, alisema. Bomba halipikwi.

Miezi minne nimekuwa shimoni. Majivu sikuwahi kuyaona.

Mzee akasema bomba la chuma litaanza leo leo, na yule mzee wa kiwanda cha sukari atashika jiliwa ya pili, maana naye ana magego yake yote. Wawili hao walielewana kwa dakika moja, kama wameoana. Na mtaro? Wote wakanitazama.

Nikaingia. Nilichimba kwa hasira, halafu kwa aibu, halafu kwa sababu nilishazoea. Saa kumi na moja nilikuwa nimemaliza hatua arobaini, kiunoni, kuta zimesimama.

Nilipoinua kichwa, shemeji Leodgar alikuwa amelala kifudifudi mwanzoni mwa mtaro, jicho moja amelifumba, anapima kama wanavyopima reli. Akainuka akajikung'uta. Akasema tangu ashuke kwenye treni, hicho ndicho kitu changu cha kwanza ambacho hakijapinda. Akamwita Swaibu naye aje atazame. Swaibu akatazama. Akasema, Fuko, hapa umenyoosha.

Sufuria zimerudi jikoni.

Jumanne, 15 Julai

Maji yametoka! Chuma, katani, majivu. Watu kumi na wawili wa kituo walijitolea kubeba mabomba, ndiyo maana siku mbili zimetosha. Mzee wa kiwanda cha sukari aliuma bisibisi, Mzee Saad akamshika bega, akasubiri. Mwenzake akasema, iko kimya. Mzee Saad akajibu alhamdulillahi, akaenda zake nyuma ya tangi kwa muda. Alirudi na macho mekundu, akasema ni vumbi.

Rozalia amenipitia na mtoto mgongoni. Mtoto ananyonya kikombe cha maji kama anadai. Mama yake akasema nimechelewa siku tatu, lakini nimechimba. Akaniachia sombe. Nimesamehewa, nadhani. Sombe haikuwa na mawese hata tone. Ujumbe umefika.

Na habari kubwa: Mzee atanifundisha. Kila jioni, kwenye vipande vilivyobaki. Nikate nyuzi mia moja kwanza, katani baadaye. Shemeji alikuwa amekaa pale pale, akaridhika sana. Treni ilipokuwa inaanza kwenda, alitoa kichwa dirishani akasema atamwambia Devota ukweli wote mbele ya mama yao: Feliksi anajifunza kukata nyuzi kwa fundi mkubwa wa Ujiji. Nikamwambia mwambie hivyo hivyo, neno kwa neno!

Nimeapa leo. Uongo basi. Njia za mkato basi.

Ijumaa, 1 Agosti

Nyuzi nilizokata mpaka sasa: kumi na nne. Mzee amekubali mbili.

Jana jioni barua ya Devota. Anakuja! Treni ya wiki ijayo! Nimeruka nikagonga kichwa kwenye boriti. Kisha nikasoma ukurasa wa pili.

Devota amefurahi sana kusikia nimeacha mambo ya mabomba na sasa niko kwa fundi wa nyuzi. Siku zote alijua ushonaji ndiyo kazi ya heshima, ya kivulini, mtu anakaa kwenye kiti. Amewatangazia wote. Anakuja na vitenge vitano: cha mama, vya wadogo zake wawili, cha mke wa katekista na chake. Anauliza kama magauni ya mikono ya puto nayaweza.

Nimekaa na kalamu. Jibu ni sentensi moja tu: Devota, ni nyuzi za bomba, si za nguo. Nimeifikiria vizuri. Ni sentensi fupi, nzuri, na ni ya kweli.

Nimeandika: Njoo. Leta vipimo.

Maana nilipokuwa natafuta bahasha, chini ya kitanda nimekuta kopo la Gervasi. Gundi imebaki nusu. Nani alisema gauni lazima lishonwe? Nimejaribu kwenye mfuko wa shati langu, alfajiri hii hii, kabla jua halijatoka. Tena safari hii nilipangusa kwa majivu kwanza, kama Mzee alivyonifundisha.

Umeshika kabisa!